Mwalimu wa Ng'ambo ya Barabara

Kwa miaka mingi nilimwombea Mwalimu afilisike. Nilimwombea kwa adabu, baada ya sala ya alfajiri, bila kumtakia ugonjwa wala ajali. Afilisike tu, afunge duka, arudi kulima mihogo kama wenzake. Nikishakunja mswala nilikwenda kufungua milango ya duka letu, na yeye nilimkuta ameshafungua lake ng'ambo ya barabara, ameinama anafagia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa."

Hapa Kihagara duka letu ndilo lililotangulia. Babu yangu alitoka pwani na marobota ya kaniki, akaoa huku ziwani, akabaki. Baba akarithi. Mtu wa kijiji chetu aliyetaka kiberiti alikuwa na mlango mmoja tu wa kwenda, na mlango huo ulikuwa wetu. Tulizoea. Tulidhani Mungu ndiye aliyepanga hivyo.

Mwalimu wakati huo alinifundisha hesabu na Kiswahili darasa la tano na la sita. Alikuwa mrefu, mwenye suruali moja ya kijivu aliyoipiga pasi mpaka mistari yake ikang'aa, na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Fimbo yake ilikuwa na bei inayojulikana: mbili kwa kuchelewa, nne kwa uongo. Kwa kukosa hesabu hakumchapa mtu. Alisema kukosa si kosa, kosa ni kunakili kwa jirani.

Nilipokuwa darasa la sita ilikuja barua ya uhamisho. Alitakiwa aende kufundisha Litumbandyosi, huko juu. Kwa mwalimu mwingine hilo lisingekuwa neno, angefunga godoro akaenda. Lakini Mwalimu aliishi na mama yake mzazi, ambaye alikuwa kipofu kabisa, na mama yule alikataa kuhama. Skola, binti wa mwisho wa Mwalimu, ambaye tulikuwa tukisukana nywele, alinisimulia jinsi bibi yake alivyojibu pale sebuleni.

"Mwanangu, hapa Kihagara mimi naona. Najua kisima kiko wapi, najua mlango wa kanisa, najua nani anapita kwa mwendo wake. Ukinipeleka kule ndipo nitakuwa kipofu."

Mwalimu alikaa na barua ile wiki nzima. Alikwenda kuomba aachwe, akaambiwa achague: kazi au kijiji. Akaandika barua ya kuacha kazi kwa mwandiko wake ule mzuri. Watu walisema amerogwa. Mtu anaacha mshahara wa serikali kwa sababu ya bibi kizee? Mwezi uliofuata mafundi walianza kusimamisha kuta mbele ya duka letu, na baba akatoka kibarazani kutazama, mikono kiunoni.

"Chaki haiuzi sukari," alisema baba, akacheka, akarudi ndani.

Na kwa miezi michache ilionekana baba amesema kweli. Mwalimu alizipanga bidhaa zake kwenye rafu kama daftari la mahudhurio, kwa alfabeti. Betri, biskuti, chumvi, dawa ya mbu, kalamu, kiberiti. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Lakini herufi ya M ilimfanyia visa. Mafuta ya taa yalikaa karibu na majani ya chai, na majani ya chai yakakaa karibu na mchele, na dumu lile la mafuta lilikuwa linavuja. Upande wa S, sukari ilisimama na sabuni. Kijiji kizima kikanywa chai yenye harufu ya koroboi. Wateja walirudisha mchele wakiwa wameziba pua, naye aliupokea wote bila ubishi, akawapa mwingine. Ule uliorudishwa aliula yeye na mke wake na mabinti zake watatu mpaka ukaisha. Skola aliniambia walikuwa wakiogopa kukaa karibu na jiko.

Aliyemwokoa ni yule mama kipofu. Siku moja aliomba ashikwe mkono aingizwe dukani. Akasimama katikati, akavuta pumzi, akasema, "Hapa ndani kuna ugomvi." Akaanza kuamuru. Hiki kitoke, kile kikae mlangoni, dumu lile liende nje kabisa. Alizipanga upya rafu zote kwa pua yake, na baada ya hapo hakutoka tena mle dukani. Akawekewa kigoda karibu na mizani. Aliweza kutambua mchele wa mwaka jana kwa kuusikiliza ukimwagwa kwenye ungo. Dagaa wenye mchanga aliwajua kwa kuwagusa mara moja tu. Wachuuzi wa mahindi kutoka milimani, waliokuwa wakitudanganya sisi wenye macho, walikuwa wakimwogopa bibi yule kuliko afisa yeyote. Kwa hiyo kile ambacho watu walisema kimemharibia Mwalimu maisha ndicho kilichomjengea duka. Baba aliliona hilo kabla yangu, akaacha kucheka.

Lakini Mwalimu mwenyewe hakuacha ualimu. Alihama jengo tu. Mtu mzima akiingia na kusema, "Sabuni," yeye alimtazama kwa upole na kuuliza, "Sabuni imefanyaje?"

"Nataka sabuni, Mwalimu."

"Ya kuogea au ya kufulia? Sema sentensi ikamilike, ndugu yangu. Hatuna haraka."

Nimewaona wavuvi wenye ndevu, magamba ya samaki mikononi, wamesimama mbele ya kaunta ile wakisema, "Naomba kununua kipande kimoja cha sabuni ya kufulia, tafadhali." Wengine walipenda. Wengine walivuka barabara wakaja kwetu wakihema: "Nipe kiberiti, dada, nimechoka kusomeshwa." Hao ndio walionilisha.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliuza sigara, na kila sigara aliitoa pamoja na mahubiri kuhusu mapafu. Alikuwa amefundisha somo la kilimo kwa miaka mingi, na bustani yake ya nyanya ilikuwa aibu ya kijiji. Kamba za vifurushi alizikusanya, akazifungua mafundo kwa meno, akazikunja na kuziweka akiba kana kwamba ni za fedha. Lakini mtoto akifaulu kwenda sekondari, viatu vya kwendea vilitoka dukani kwake, na ukimshukuru alikasirika. Padri asipofika Jumapili, yeye ndiye aliyeongoza ibada kigangoni, tena alimsahihisha Kiswahili aliyesoma somo la kwanza. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulisema vibaya duka letu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana sisi lake tulilisema kila siku.

Sasa niseme habari ya chumvi, ingawa inanitia haya mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kama ishirini na mbili, nikiwa msaidizi wa baba dukani. Masika ya mwaka ule yalizidi. Barabara ya kutoka Mbinga ilikatika mlimani, na meli ilikuwa haijaonekana kwa wiki nyingi. Wakati huohuo usipa, dagaa wa ziwa letu, walijaa ziwani kama mchanga. Watu walivua mpaka mitumbwi ikakaribia kuzama, lakini jua halikuwapo la kuwaanika. Samaki bila jua anahitaji chumvi. Bila chumvi, ni mbolea. Na kila nyumba pale ufukweni ilikuwa imeweka matumaini yake ya mwaka katika samaki wale, ada za shule, bati, mahari.

Baba alikuwa na magunia kumi na moja ya chumvi katika stoo ya nyuma. Alifunga mlango wa stoo kwa kufuli, akaniambia, "Wakiuliza, imekwisha. Tusubiri kidogo, bei itapanda yenyewe." Sikubisha.

Mwalimu alivuka barabara asubuhi moja, mwavuli mkononi. Chumvi yake ilikuwa imeisha siku ya tatu ya mvua, kwa sababu aliiuza kwa bei ileile.

"Jirani, una chumvi hata gunia moja? Ninunue kwa bei yoyote utakayosema. Akina mama wa ufukweni wanamwaga samaki."

"Sina, Mwalimu," baba alisema. "Wallahi hali ni ngumu kwetu sote."

Mwalimu akanitazama. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, alinijua hata ninavyopumua nikiwa na jambo. Nilitazama mizani. Hakuniuliza. Alisema tu, "Haya, tunashukuru," akafungua mwavuli, akaondoka. Angeniuliza ningesema kweli, nami nadhani alijua hivyo, na hakutaka kunigombanisha na baba yangu.

Siku hiyohiyo alipata habari kwamba lori lenye chumvi limekwama kwenye matope huko juu mlimani. Dereva wake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Mwalimu alikwenda nyumba kwa nyumba. Alhamisi asubuhi waliondoka watu zaidi ya thelathini, wanaume kwa wanawake, wengi wao aliwafundisha a-e-i-o-u, na yeye mbele, suruali ya kijivu imekunjwa magotini. Mwendo ulikuwa wa siku nzima kupanda, kwenye utelezi. Wamatengo wa kijiji cha juu waliwapokea kwa ugali na maharage, wakawapa plastiki za kuanikia kahawa wafungie chumvi isilowe. Jumamosi mchana tulisikia nyimbo za kwaya kabla hatujawaona. Waliteremka kwa mstari mmoja, kila mtu na furushi kichwani, matope mpaka kiunoni, wakiimba kama wanaingia harusini. Watu walikimbia kuwalaki. Akina mama walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mwalimu alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Sijamwona mwanadamu aliyependeza vile.

Chumvi ikauzwa kwa bei ya kila siku, na samaki wakaokoka.

Lakini kwetu mambo yalikuwa yanaharibika kimyakimya. Stoo yetu ilikuwa na sakafu ya udongo, na unyevu wa wiki zile ulikuwa umeingia kwenye magunia. Chumvi ikivuta maji huyeyuka. Jumatatu asubuhi mchirizi mweupe ulitoka chini ya mlango wa stoo, ukapita uani, ukaingia barabarani mbele ya watu wote. Mzee mmoja wa mitumbwi aliinama, akachovya kidole, akaonja. Akawaonyesha wengine kidole.

Baba alikaa ndani. Nje watu waliongezeka, na maneno yakaanza kuwa makali. Mmoja alisema duka hili lisikanyagwe tena na mtu wa Kihagara. Mwingine akasema mlango uvunjwe. Nilisimama nyuma ya kaunta, nikamwona Mwalimu anatoka dukani kwake, anavuka, kiatu kipya mguu mmoja na ndala mguu wa pili kwa sababu ya malengelenge.

"Mnataka chumvi?" aliwauliza.

"Tunataka yako, Mwalimu, si ya huyu."

"Yangu imekwisha. Jirani ndiye mwenye chumvi sasa. Nunueni kabla haijaisha yote kwa maji."

"Tukanunue kwa mtu aliyetufichia?"

"Samaki hajui chumvi imetoka kwa nani," Mwalimu alisema. "Pangeni mstari. Wenye watoto mgongoni watangulie."

Wakapanga. Walikuwa watu wazima, lakini wakapanga mstari, maana sauti ile waliizoea. Baba akatoka, akapima chumvi ile yenye maji kwa bei ya zamani mpaka magunia yakabaki matupu. Mwalimu alisimama pale mpaka mteja wa mwisho, kisha akasema, "Siku njema, jirani," akarudi kwake.

Jioni nilikwenda kwa Skola kusukwa. Katika chumba cha nyuma, chini ya turubai, nikaona mafurushi manane ya chumvi, makavu, hayajafunguliwa. Nikamtazama Skola, naye akaweka kidole mdomoni. Mtu aliyetuchapa fimbo nne kwa uongo alikuwa amesimama katikati ya barabara na kudanganya kijiji kizima ili baba yangu asiadhirike.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza. "Mwalimu, siku ile ulisema uongo."

"Ndiyo. Nikajipa na adhabu."

"Adhabu gani?"

"Chumvi ile, kwa kuwa nilishasema imekwisha, niliiuza kidogokidogo mpaka mwezi wa nane."

Baada ya kisa kile baba hakuwahi tena kuficha kitu, na mimi nilipunguza dua zangu. Nikamwombea Mwalimu apate hasara ndogondogo tu. Hazikumpata. Baba alipofariki, Mwalimu alikaa matangani siku zote tatu, kwenye jamvi pamoja na mashehe, akinyanyuka tu kwenda kumpa mama yake chakula. Siku nilipofungua duka nikiwa peke yangu, mwanamke wa miaka ishirini na minne, watu wakingoja nishindwe, alivuka barabara asubuhi mapema. Nilitaka kumwamkia akaniwahi kwa kunyoosha mkono.

"Jirani," alisema. Siku zote aliniita mwanangu. "Habari za biashara?"

Nilijibu nzuri, kisha nikaingia nyuma nikalia.

Tulishindana vilivyo. Alipoleta friji ya sola na soda baridi, mimi nikaleta huduma ya kutuma pesa kwa simu. Nikishusha bei ya sukari, kesho yake alfajiri ubao wake umeshafutwa na kuandikwa upya, kwa mwandiko wa darasani, nukta na mikato yote mahali pake. Pongezi zake zilikuwa mbaya kuliko matusi. "Jirani, umenipiga kwenye unga wa ngano. Hongera sana. Nimeshajipanga."

Kilichomuuma ni kimoja. Alikuwa na mabinti watatu na hakuwa na mtoto wa kiume. Mdogo wake wa ukoo alipenda kusema kwenye vilabu kwamba duka la mwenye mabinti ni duka la wakwe, litagawanywa siku ya msiba. Mwalimu alipoambiwa alijibu, "Basi wakwe waje, tutawauzia." Lakini Skola aliniambia usiku wa siku ile baba yake hakula. Alichofanya ni kuwaingiza mabinti wote watatu nyuma ya kaunta na kuwafundisha kazi kama alivyotufundisha sisi hesabu, bila huruma na bila kuchoka. Mkubwa akaenda kufungua duka Mbinga mjini. Wa kati akashika la Kihagara. Skola, ambaye hakupenda kusimama dukani, akaenda Songea kujifunza kuendesha malori.

Siku aliyoleta lori lao la kwanza sitaisahau. Lilishuka kutoka milimani limejaa sementi na bati, honi inalia tangu kona ya mwisho, na Skola juu kwenye usukani, kilemba cha njano, ameshika kama aliyezaliwa humo. Kijiji kilitoka chote. Yule mdogo wa ukoo alikuwa wa kwanza kukimbia kando ya gurudumu akipaza sauti, "Mtoto wetu huyo! Mtoto wetu!" Bibi kipofu, mzee sana wakati huo, alishikwa mkono akapelekwa. Akalipapasa lori kuanzia taa za mbele, mlango, tairi baada ya tairi, polepole mpaka mkiani. Alipofika mwisho alisimama na mkono wake juu ya bati lenye joto.

"Nani analiendesha?"

"Mimi, bibi," Skola alisema.

"Basi nipandishe."

Akapandishwa. Walikwenda mpaka mwisho wa kijiji na kurudi, bibi ameketi mbele, uso wake umeelekea dirishani kama anayetazama. Mwalimu alibaki amesimama barabarani. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta, naye hakujali wanafunzi wake wangapi walikuwa wanamwona. Hata mimi nilipiga vigelegele, na nilijua lori lile linakuja kunimaliza. Halikunimaliza. Skola alinibebea mizigo yangu tangu wiki ile, kwa nauli ileile aliyomtoza baba yake.

Mwaka huu Mwalimu ana miaka sabini na mitano, na mama yake tulishamzika. Lami imefika, mabinti wamejenga duka la jumla, na yeye wamemnunulia kiti kikubwa chenye mito, wakamweka kibarazani aamkiwe. Akinyanyuka kupima sukari, wanasema, "Baba, pumzika." Kisha siku moja nikaona kiti kiko kitupu. Wakasema amekwenda Chiwanda kumsalimia mwanafunzi wake, atarudi baada ya wiki.

Wiki ya tano nilikwenda Chiwanda kununua mpunga. Nimeshuka kwenye pikipiki, nikaona kibanda kipya cha mabanzi, bati jipya, ubao mlangoni wenye mwandiko ninaoujua kuliko wangu. Nyuma ya kaunta alikuwa yeye, kalamu sikioni, mikono ya shati imekunjwa, amenenepa kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu! Unafanya nini huku?"

"Marahaba, jirani. Nafanya biashara."

"Wanao wanajua?"

"Watajua. Kiti kile kilikuwa kinaniua, nakwambia. Kaa." Akanisukumia kreti. Akaniuzia soda, hakunipa bure. Nilimuuliza kazi inaendaje, naye akatazama nje, akashusha sauti kama mtu anayeungama.

"Vibaya. Wateja ni wengi mno. Duka ni moja hili tu, mpaka karibu na Msumbiji. Juzi nimejikuta nimepandisha bei ya sabuni bila sababu. Bila sababu, jirani! Na hakuna aliyenikemea, wamelipa tu. Kukaa peke yangu hivi kutaniharibu."

"Sasa unataka nifanye nini, Mwalimu?"

Alinyoosha kalamu kuelekea upande wa pili wa njia, penye uwanja mtupu wa majani mafupi.

"Pale pameuzwa?" niliuliza.

"Nimeshamuuliza mwenyewe. Anakusubiri."

Nilicheka mpaka soda ikaniingia puani. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, siwezi kuanza upya. Akasema yeye ana miaka sabini na mitano. Nikamwambia safari hii nitamfilisi kweli. Akasema, "Jaribu," akaanza kufuta bei ya sabuni ubaoni.

Nikaweka chupa chini, nikakaza kanga, nikavuka njia kwenda kupima kiwanja kwa hatua.